Maximo na Kipa Aliyeachwa Nje

Binti aliingia kwa fundi cherehani, Kirumba, Mwanza, mkononi ana jezi ya bluu ya Taifa Stars. Ni ya baba yake, alisema, na anataka ibanwe mbavuni ili aivae yeye. Fundi aliigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega, akasema, "Hii ya enzi za Maximo." Mwalimu, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri suruali yake, akaguna. Kijana wa bodaboda aliyedaka mechi nyingi za ndondo katika mji huu, na ambaye mpaka leo mtaa mzima unamwita Kipa, akazima pikipiki mlangoni akasogea.

Nilikuwapo. Naandika walivyosema, na pale niliposhindwa kunyamaza nimetia neno langu.

FUNDI: Mwalimu, usigune. Sema.

MWALIMU: Niseme nini, fundi? Marcio Maximo alikaa na Taifa Stars miaka minne, 2006 hadi 2010. Mbrazili, mshahara wake unalipwa na serikali kwa sababu Rais Kikwete alitaka mpira wetu uinuke. Makocha wetu wazawa hawakuonja nafasi ya namna hiyo. Sasa nauliza, kombe liko wapi? AFCON tulikwenda lini naye? Alipoondoka akaja Mdenmark, Jan Poulsen. Hakumaliza hata mwaka, Desemba 2010 akabeba Kombe la Challenge palepale Dar es Salaam. La kwanza kwa Bara tangu 1994.

FUNDI: Alibeba na wachezaji wa nani?

MWALIMU: Wa Tanzania.

FUNDI: Wa Tanzania, ndiyo, lakini aliwakuta wameshafundwa. Fainali ile tuliifunga Ivory Coast bao moja, penalti ya Shadrack Nsajigwa. Nsajigwa alikomazwa na nani kwenye mechi za kimataifa? Poulsen alikuta chungu kiko jikoni, moto unawaka.

KIPA: Na golini alikuwa nani, mzee? Maliza hadithi yako.

FUNDI: Subiri, bwana mdogo. Na wewe najua unakokwenda.

BINTI: Baba zangu, mnanipoteza. Hayo yote yakitokea mimi nilikuwa mtoto mdogo. Huyo Maximo alikuta nini hasa?

Swali lake lilituliza benchi. Aliyekua akiiona Tanzania kwenye AFCON ya 2019, kisha ile iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, si rahisi ajue sisi tuliishi na nini. Mzee Mwinyi, aliyekuwa rais wetu, aliwahi kuuita mpira wetu kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila anayetaka kujifunza kunyoa hujaribia hapo. Usemi ule ulituganda. Tulikwenda AFCON ya Nigeria mwaka 1980, kisha milango ikafungwa. Mwaka 2005 FIFA ilituweka nafasi ya 175 duniani. Nafasi hiyo wenzetu waliisoma gazetini wakageuza ukurasa, wala hawakushtuka.

FUNDI: Mwanangu, alikuta nchi yenye timu mbili, Simba na Yanga. Stars ilikuwa kama mgeni wa usiku. Mtu alikuwa radhi taifa lifungwe, mradi aliyekosea awe mchezaji wa upande wa pili. Mimi nashona jezi tangu miaka ya themanini. Nimeshona nyekundu, nimeshona kijani na njano, mpaka macho yakauma. Ya taifa? Labda mtu wa halaiki, siku ya sherehe. Basi akaja Maximo, Leodegar Tenga akiwa rais wa TFF, Serengeti na NMB wakaingia kudhamini. Mechi ya kwanza ya kufuzu AFCON ya 2008 tukaifunga Burkina Faso mbili kwa moja. Tukaenda Maputo, suluhu. Halafu Dakar, Machi 2007, tukala nne.

MWALIMU: Nne bila.

FUNDI: Nne bila, sikatai. Zamani tukila nne tulikuwa tunatawanyika. Safari ile, Juni 2, 2007, Senegal walikuja hapa. Hapa Kirumba, mwanangu, ukitembea kutoka mlangoni kwangu hufiki robo saa. Wiki ile nilishona bendera mpaka kitambaa cha bluu kikaisha madukani nikaanza kuunga vipande. Watu walitoka Musoma, Bukoba, Shinyanga, Geita. Walilala kwenye mabaraza. Asubuhi nilipofungua duka nilikuta akina mama wauza dagaa wa mwalo wamejifunga khanga za rangi za bendera, nikajua leo kuna jambo.

KIPA: Nilipanda mti siku ile. Nilikuwa darasa la sita.

FUNDI: Waliokuwa na tiketi na wasiokuwa nazo, wote walikuwa uwanjani! Nizar Khalfan alipofunga nilimkumbatia mtu nisiyemjua, shabiki wa Simba kabisa, na mimi Yanga damu. Ikaisha moja moja. Wiki mbili baadaye vijana wakaenda Ouagadougou, kwao Burkina Faso, wakashinda bao moja la Erasto Nyoni. Ugenini, Afrika Magharibi! Mwisho wa mwaka ule tulikuwa ndani ya mia moja bora wa FIFA.

Nami naongeza jambo ambalo Fundi hakulitaja. Bao la Senegal siku ile lilifungwa na kijana aliyekuwa akilichezea taifa lake kwa mara ya kwanza, jina lake Demba Ba. Miaka ilipopita tukawa tunamtazama kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa Newcastle, kisha Chelsea. Vijana wetu walisimama na watu wa daraja hilo dakika tisini, Kirumba, na sare ile haikuwa ya bahati.

MWALIMU: Mmemaliza? Sasa nisikilizeni na mimi, maana nimefundisha michezo shuleni miaka ishirini na saba na sitaki kubebwa na vigelegele. Septemba 8, 2007. Uwanja mpya wa Taifa Dar es Salaam, watu 60,000, rangi bado inanukia. Mechi ya mwisho ya kundi, tuna pointi 8 mkononi, tunacheza na Msumbiji nyumbani. Tico-Tico akatufunga moja. Tukaisha palepale. Nilikuwa jukwaani. Tulipiga krosi, tulikimbia, tulipambana, lakini mbele hapakuwa na akili. Piga hesabu ya kundi lile zima, mechi sita. Mabao mawili dhidi ya Burkina Faso, moja Kirumba, moja Ouagadougou. Manne! Timu iliyofunga mabao manne katika mechi sita inataka kwenda AFCON kwa njia gani?

FUNDI: Msumbiji nao walikuwa timu, mwalimu.

MWALIMU: Na Mauritius? Mei 31, 2008, kufuzu Kombe la Dunia, nyumbani, moja moja na Mauritius. Kisha wiki mbili tu mbele tunatoka suluhu na Cameroon uwanja uleule, nchi nzima inaimba. Huyo ndiye Maximo. Akipewa mkubwa, anajua kumzuia. Akipewa mdogo ambaye lazima umfungue, hana ufunguo. Kufundisha watu kupigana ni nusu ya kazi, fundi.

Hapo Mwalimu alisema kweli, na Fundi alijua, maana alirudi kwenye cherehani akapiga mshono mrefu kabla ya kujibu. Mimi pia nimelitafakari hilo mara nyingi. Stars ya Maximo ilikuwa ngumu kufungwa, ilikuwa na pumzi, na ilijua kujipanga nyuma ya mpira. Cameroon tulipowafuata Yaounde walitufunga mbili kwa moja, na ilihitajika miguu ya Samuel Eto'o kufunga yote mawili. Lakini ukiondoa ushindi wa nne kwa moja kule Mauritius na ule wa tatu kwa moja dhidi ya Cape Verde mwishoni, wakati hesabu za kundi zimeshatukataa, kufunga kulikuwa shida.

FUNDI: Alikuwa na vijana wadogo. Jerry Tegete alimtoa shuleni Makongo. Mrisho Ngassa alimwamini akiwa bado mtoto. Kelvin Yondani, Nadir Haroub, Henry Joseph, Danny Mrwanda. Wewe mwalimu wa michezo utamlaumu mtu kwa kuamini vijana?

KIPA: Aliamini vijana, na wakongwe akawatupa. Sasa zamu yangu, mzee, nimevumilia.

FUNDI: Haya, mlete Kaseja wako.

KIPA: Si wangu, wa nchi. Dada, sikiliza. Mwaka 2003 Simba walikwenda Cairo kwa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika. Ikafika penalti. Kipa wa Simba alikuwa Juma Kaseja, kijana mfupi ambaye ukimtazama unasema huyu mipira ya juu itampita. Alidaka. Zamalek wakatoka, Simba wakaingia makundi. Sisi makipa wote wa mtaani wa umri wangu tulitaka kuwa Kaseja. Mimi nilikatwa urefu timu ya shule, nikasema mbona Kaseja? Wakanirudisha! Sasa huyo ndiye ambaye Maximo alimweka nje. Si kwa mechi moja, si kwa jeraha. Muda mrefu. Kila kikosi kikitajwa tunasikiliza redio, jina halipo.

MWALIMU: Alisema suala ni nidhamu.

KIPA: Nidhamu gani? Aliwahi kuisimulia kwa kituo tukaielewa? Haruna Moshi Boban, nidhamu. Athumani Idd Chuji, nidhamu. Boban alikuwa na mguu ambao mwalimu hapa anaulilia, mguu wa kufungua timu iliyojifungia. Mnalia mabao hayaji na mafundi wako nje! Kocha akikosana na mchezaji mmoja, pengine mchezaji ni mkorofi. Akikosana na watatu walio bora, na nchi nzima inamuuliza, jibu linabaki neno moja, basi hapo hata mkubwa ana jambo.

FUNDI: Bwana mdogo, ngoja nikuulize, na unijibu kama mwanamume. Kabla ya Maximo nani alikuwa anapanga Stars? Si viongozi wa Simba na Yanga? Fulani lazima aingie, fulani akiachwa patachimbika. Kocha mzawa angethubutu kumwacha Kaseja siku moja? Asingemaliza wiki. Maximo alisimama. Hata kama kwa Kaseja alikosea, wachezaji wote wengine waliona kwamba hakuna jina kubwa kuliko timu. Ivo Mapunda alipewa glovu, na alicheza dhidi ya Senegal hapa, akacheza Ouagadougou. Tulipoteza?

KIPA: Hatukupoteza. Lakini sisi mashabiki wa Simba mlituvunja moyo kuipenda Stars. Umesema wewe mwenyewe ulimkumbatia mtu wa Simba Kirumba. Miezi michache baadaye watu walewale walikuwa wanaenda uwanjani kuimba jina la Kaseja na kuizomea timu yao ya taifa. Ule umoja aliujenga Maximo, na yeye mwenyewe akautia ufa.

Ukimya uliofuata ulikuwa wa heshima. Nadhani hakuna aliyewahi kulisema hivyo mbele ya Fundi.

Binti akauliza kama mechi iliyomliza baba yake ilikuwa ile ya Msumbiji. Alikuwa amesikia tu nyumbani kwamba baba, ambaye hakulia msibani kwa bibi, alilia kwa sababu ya mpira.

FUNDI: Baba yako alilia Zambia. Nina hakika, kwa sababu wote tulilia Zambia.

Na hapa lazima nisimulie mwenyewe, maana walianza kusema wote kwa pamoja. Mwaka 2008 lilianza shindano jipya la CAF, CHAN, kwa wachezaji wa ligi za ndani tu. Katika kufuzu, Stars iliitoa Kenya, ikaitoa Uganda, ikaitoa Sudan, tena Sudan ilifungwa kwao na kwetu. Februari 2009 tukawa Ivory Coast, fainali ya kwanza ya Afrika kwa timu yetu ya taifa tangu 1980. Mechi ya kwanza Senegal walitufunga moja. Ya pili tukawafunga wenyeji, Ivory Coast, nyumbani kwao, bao la Mrisho Ngassa. Ya tatu ni Zambia. Ukishinda, unaingia nusu fainali. Nsajigwa akafunga kwa penalti. Tukaongoza. Dakika tisini zikatimia, zikaingia za nyongeza, na ndani ya hizo za nyongeza Zambia wakasawazisha. Pointi 4. Zambia na Senegal, wenye 5 kila mmoja, wakasonga mbele.

Mwanza usiku ule hakuna aliyezungumza njiani. Nakumbuka mlio wa viatu.

KIPA: Kipa mzoefu analala na mpira dakika zile. Anaomba daktari. Anafunga kamba za kiatu.

FUNDI: Sasa unamtia Kaseja hata kwenye msiba wa watu.

KIPA: Yumo, mzee. Wewe ndiye hutaki kumwona.

MWALIMU: Kipa, sitakubaliana nawe hapo. Kocha akiwa anaongoza moja bila na kufuzu kuko mkononi, timu nzima inatakiwa ijue kuua mchezo. Hilo linafundishwa mazoezini, kwa wachezaji kumi na mmoja. Na mwaka mmoja baadaye, tukiwania CHAN ya pili, Rwanda wakatutoa. Moja moja Dar es Salaam, moja bila Kigali. Pale nikasema Mbrazili amefika mwisho wa maji yake. Juni 7, 2010 wakatuletea Brazil ya Kaká na Robinho wakijiandaa na Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Tano moja. Nchi ikashangilia kama tumeshinda.

FUNDI: Tulishangilia bao la Jabir Aziz! Tumeifunga Brazil, mwalimu! Ile timu ilipotua Dar es Salaam, nani alidhani tutapata hata kona?

MWALIMU: Ndiyo ninachosema. Miaka minne, na tunashangilia bao la kufutia machozi.

Msomaji ataniuliza niko upande gani. Niko na Kipa kwenye suala la Kaseja, na niko naye kikamilifu. Nidhamu ya timu ya taifa ni mali ya taifa. Kocha anayelipwa kwa fedha za umma akimwacha mlinda mlango wa kiwango kile, umma unastahili maelezo, na waliokuwa juu yake walipaswa kumkalisha chini awape. Kumwacha afanye atakavyo mpaka mashabiki waigeukie jezi yao wenyewe kulikuwa kosa, na lilitugharimu.

Lakini ukiniambia Maximo alishindwa, nakataa. Tazameni kilichofuata. Jan Poulsen alidumu miaka miwili. Kim Poulsen akaja, akaondoka. Mart Nooij alifungwa tatu na Uganda pale Zanzibar Juni 2015 akafukuzwa. Charles Mkwasa, Salum Mayanga, kila mmoja kwa zamu yake, na katikati Algeria wakatupiga saba. Kila mara tuliambiwa tunaanza upya. Maximo peke yake katika kipindi kile chote alipewa muda wa kukosea, kurekebisha, na kukosea tena, na wachezaji aliowachukua wadogo wakapata muda wa kukomaa pamoja. Ukitaka kujua thamani ya kazi yake usiangalie 2010. Subiri miaka tisa.

BINTI: Ya 2019 niliiona! Mechi ya Uganda. Tulikuwa hosteli, televisheni moja, watu mia. Tatu bila.

FUNDI: Alifunga nani?

BINTI: Msuva. Aggrey Morris. Na penalti ya... Erasto Nyoni.

Fundi akaacha kushona.

FUNDI: Rudia.

BINTI: Erasto Nyoni, baba.

FUNDI: Mwalimu, umesikia? Yule wa Ouagadougou! Machi 24, 2019, siku tunarudi AFCON baada ya miaka thelathini na tisa, bao la pili ni la kijana wa Maximo. Na Yondani alikuwemo kwenye kikosi kilichokwenda Misri. Emmanuel Amunike ndiye aliyetupeleka, simnyang'anyi haki yake. Lakini wale wawili walishajua uwanja wa ugenini unanukaje.

MWALIMU: Hilo nalikubali. Wawili si timu, lakini nalikubali.

KIPA: Mimi sijakubali, mzee. Kwa sababu mwaka uleule kuna jambo jingine.

Alichosema Kipa wote tulikuwa tunakijua, na bado tulimwacha alimalize. Agosti 4, 2019, Kasarani, Nairobi. Tanzania na Kenya, kuwania kwenda CHAN, shindano ambalo hatukulikanyaga tena tangu Maximo atupeleke mwaka 2009. Suluhu kwetu, suluhu kwao, ikaja mikwaju ya penalti. Kocha Etienne Ndayiragije alikuwa amemrudisha kikosini mtu mzima ambaye wengi walidhani zama zake zimepita. Mtu mzima yule akapangua penalti, tukashinda nne kwa moja, kisha tukaitoa Sudan, na Tanzania ikarudi CHAN.

Fundi aliikunja jezi, akampa Binti, akakataa hela. Kisha akamgeukia Kipa akamwambia alitaje jina mwenyewe, kwa sauti, walioko nje wasikie.

"Juma Kaseja," akasema Kipa.